Fahamu: Nani humuuguza mfungwa anayekaribia kufa?

Katika jimbo la Louisiana, Marekani, kifungo cha maisha kwa kawaida ni cha maisha kweli. Mfungwa hatoki hata akizeeka. Ndiyo maana gereza kuu la jimbo hilo, liitwalo Angola, lina wazee wengi watakaofia humo humo.

Mwaka 1998 gereza hilo lilianzisha tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na upweke mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Wauguzi wapo, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanywa na wafungwa wenzake waliojitolea na kufundishwa. Humwogesha, humlisha, humbadilishia shuka, na hali ikiwa mbaya hupokezana zamu kando ya kitanda ili asikate roho peke yake. Akifariki, jeneza lake huundwa na mafundi seremala wa gerezani, nao ni wafungwa.

Wapo wanaosema muuaji hastahili haya. Siafikiani nao: mahakama ilimhukumu kifungo, haikumhukumu kufa kwa maumivu bila dawa. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa atibiwe kwa kiwango kile kile wanachopata walio uraiani.