Uhusika Unaovuliwa Jioni

Machi 1994 Tom Hanks alipokea Oscar ya mwigizaji bora wa kiume kwa filamu ya Philadelphia, ambamo aliigiza wakili shoga aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya Ukimwi. Hanks ana mke, na enzi zile hilo halikumkera mtu. Leo lingezua zogo. Mwenyewe alisema mwaka 2022 kwamba siku hizi mwanamume asiye shoga hawezi kupewa nafasi ile, na ni sawa asipewe.

Nakubaliana naye nusu. Irudie filamu hiyo, umtazame wakili aitwaye Bob Seidman. Ni mmoja wa wakuu wa ofisi inayoshtakiwa. Anapotoa ushahidi anakiri kwamba alihisi mwenzake anaumwa, akanyamaza. Aliyevaa uhusika huo ni Ron Vawter, shoga asiyejificha, aliyekuwa akiishi na Ukimwi wakati wa kurekodi. Alifariki Aprili 1994, wiki chache tu baada ya usiku wa Hanks. Mgonjwa alikaa upande wa waajiri, mzima akaigiza mgonjwa, na kila mmoja aliitendea haki nafasi yake. Kwa upande wa kipaji, basi, hakuna kesi.

Kesi iko kwenye ajira. William Hurt, Philip Seymour Hoffman, Sean Penn, kisha Rami Malek aliyemwigiza Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja: wote walibeba Oscar hiyo hiyo kwa kuigiza wanaume waliopenda wanaume. Lakini hadi tuzo za 2025, hakuna mwanamume aliyekwisha kujitangaza kuwa shoga aliyeishinda. Asiye shoga husifiwa kwa ujasiri, halafu jioni anauvua uhusika na kurudi nyumbani. Rock Hudson, mwigizaji shoga aliyejificha huku akicheza wapenzi wa wanawake kwa miongo, hakuwa na pa kuvulia. Dunia ilijua siri yake mwaka 1985, Ukimwi ulipokwisha kummaliza.

 

Mwandishi wa Uingereza Russell T Davies alichukua msimamo mkali: katika tamthilia yake ya It's a Sin ya 2021, nafasi za mashoga aliwapa mashoga. Namwelewa, maana milango ilikuwa imefungwa mno. Ila dawa hiyo ina madhara yake. Mwaka 2022 Kit Connor, kijana wa miaka 18 aliyeigiza katika tamthilia ya Heartstopper mvulana anayependa jinsia zote mbili, alisakamwa mitandaoni na watu waliomtuhumu kwamba anajifanya tu. Akalazimika kutangaza kwamba na yeye yuko hivyo, huku akiwaambia kwamba wamemshurutisha. Hapo mashabiki waliodai kutetea haki walimfanyia kijana kile ambacho maadui wa mashoga wamezoea kufanya: kumvua mtu siri yake hadharani.

Ninayemtazama mimi kama mfano ni mwigizaji Jonathan Bailey. Alikuwa ameshajitangaza shoga alipopewa nafasi ya Anthony katika tamthilia ya Bridgerton, bwana mkubwa anayehangaika na mapenzi ya mwanamke. Msimu wa pili, 2022, yeye ndiye steringi. Mashabiki wa kike walijua fika, na bado walizimia.