Ukingo Uliokatwa Januari

Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, watafutaji walifurika, na mgodi wa Rosterman uliozaliwa na msukumo huo ulichimbwa hadi 1952. Siku hizi wawekezaji wameelekeza macho Ikolomani, kwenye dhahabu ya Isulu na Bushiangala. Ila mgodi wowote, kabla ya kutoa hata gramu moja, unahitaji njia ya malori, na katika nchi ya vilima njia hukatwa ubavuni. Tingatinga likipita Januari huacha ukuta mwekundu wa mita 5 au 6, wima kama wa nyumba, na kila apitaye huamini kwamba utadumu.

Ukuta huo unasimama kwa mkopo. Kati ya chembe za udongo usioloa sana mna maji kidogo yanayozivuta zishikamane, kama mchanga wenye unyevu unavyosimama mtoto akiugeuza kutoka kwenye kopo. Mvua ya masika ikiingia, mvuto ule hupotea. Na Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi ikishuka kwa ngurumo za alasiri. Kwa hiyo swali la mkaguzi si kama ukingo umesimama leo, bali utakuwaje maji yakishajaa ndani yake.

Wahandisi hujibu kwa kigezo cha usalama: nguvu inayoshikilia udongo ikigawanywa kwa nguvu inayouvuta chini. Jibu likifika 1 ukingo uko mlangoni mwa kuporomoka. Kwa mkato wa kudumu wengi hutaka 1.5 hivi, kwa wa muda mfupi huridhika na 1.3. Chukua mteremko mrefu unaopanda mita 1 kwa kila mita 2 za mlalo, wenye udongo unaotegemea msuguano wa digrii 35 peke yake. Ukiwa mkavu kigezo ni 1.4. Maji yakijaa hadi juu na kutiririka sambamba na mteremko, kigezo hushuka hadi kama 0.7. Pembe ni ile ile na udongo ni ule ule.

Udongo wenyewe nao una hila zake. Karl Terzaghi, aliyeasisi sayansi hii ya udongo, aliandika mwaka 1958 kuhusu bwawa la Sasumua, kule Nyandarua, linaloipa Nairobi maji. Vipimo vya kawaida vya maabara viliuonyesha udongo wake mwekundu kama mfinyanzi wa kuogopwa, lakini kazini ulikuwa imara na ulipitisha maji vizuri, kwa sababu chembe zake zilikuwa zimegandana katika vidonge vigumu. Udongo wa Kakamega umetokana na miamba mingine, hivyo nisingehamisha tarakimu za Sasumua hata moja. Ninachohamisha ni tahadhari: majedwali yaliyotungwa kwa udongo wa nchi za baridi si ya kuaminiwa kabla ya kupima wa hapa.

Tena udongo huu kwa sehemu kubwa ni mwamba uliooza pale pale ulipokuwa. Mipasuko ya mwamba ule bado imo, imejificha kwenye wekundu. Mkaguzi huishika dira na kupima kila mpasuko unainamia wapi. Wa hatari ni ule unaoinamia barabarani, usio mkali kuliko uso wa mkato lakini mkali kuliko pembe ya msuguano: vipande vilivyo juu yake vina njia ya kuteleza. Ndiyo sababu barabara moja inaweza kuwa na upande wa kushoto ulio salama na wa kulia unaosubiri mvua, ijapokuwa zote mbili zimekatwa siku moja kwa pembe moja. Mchoro unaotoa mteremko mmoja kwa pande zote mbili, mimi huutilia shaka.

Kisha mkaguzi apande juu ya mkato, mahali ambapo wengi hawafiki. Huko hutafuta nyufa zinazofuata ukingo, miti iliyoanza kuinama, chemchemi mpya. Katika nchi iliyochimbwa kwa vizazi hutafuta pia mashimo ya zamani ya wachimbaji wadogo. Shimo lililoachwa wazi nyuma ya ukingo ni birika: hukusanya mvua na kuipeleka ndani kabisa ya kilima. Mfereji wa kukinga maji huko juu hugharimu kidogo kuliko ukuta wa zege chini, na mara nyingi hufaa zaidi.

Agosti 2007, huko Khuvasali, kaskazini mwa kaunti ya Kakamega, kilima kiliporomoka, kisha kikaporomoka tena juu ya watu waliokuwa wamekuja kuokoa wenzao. Palikuwa kilimani, si kwenye mkato wa mgodi, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Poromoko la kwanza huacha juu yake uso mkali zaidi, uliolowa na uliopoteza kilichoushikilia kwa mbele. Kifusi kilicholala chini ndicho egemeo lililobaki, na dereva wa tingatinga anayetumwa haraka kufungua njia huanza kwa kukiondoa hicho. Kwanza pakaguliwe juu, maji yageuzwe, sehemu iliyolegea ishushwe kuanzia kileleni. Kifusi cha chini kiguswe mwisho.