Pikipiki Yake, Miguu Yangu

Mume wangu ana urefu wa futi sita na kidogo. Mimi nikivua viatu sizidi futi tano. Pikipiki nyumbani ilikuwa moja tu, na ilinunuliwa kwa ajili ya miguu yake.

Siku niliyoiangusha kwa mara ya tatu tulikuwa kwenye njia ya Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, pale mchanga unapokuwa mwingi. Nilipunguza mwendo vizuri tu, nikakanyaga breki kwa mguu wa kulia, nikatoa wa kushoto nitafute ardhi. Ardhi haikuwepo! Yaani mguu ulielea hewani, pikipiki ikaanza kulala taratibu, na mimi nikalala nayo.

Mume wangu alikuja mbio. Aliinyanyua pikipiki kwanza, mimi baadaye. Akaifuta vumbi, akanitazama, akasema kwa upole kabisa:

"Mke wangu, hii kitu si saizi yako. Tuache tu. Nitakuwa nakupeleka mwenyewe."

Msomaji, kuna upole unaouma kuliko tusi. Kwenye mguu wa kulia nilikuwa na kidonda cha kuungua na bomba la moshi, zawadi ya anguko la pili. Lakini kilichoniuma siku ile si kidonda.

Wiki mbili za kupelekwa

Mimi ni mwalimu. Nilikuwa nimehamishiwa shule iliyo kilomita kama 15 kutoka nyumbani, ukiiacha lami ya Sikonge na kuingia ndani. Bodaboda kila siku, kwenda na kurudi, ingemaliza mshahara kabla ya tarehe 20. Kwa hiyo nilikubali kupelekwa.

Mwanzoni ilikuwa raha, nisidanganye. Asubuhi na mapema umemkumbatia mumeo kiunoni, miti ya miombo inapita huku na huku, mnajisikia kama wachumba. Lakini kazi yake iko mjini. Ili aniwahishe, alilazimika kunishusha shuleni kabla hata mlinzi hajafungua ofisi, na bado alifika kazini amechelewa. Jioni nilimsubiri chini ya mwembe mpaka wanafunzi wa mwisho waondoke. Siku ya nane bosi wake akampa onyo la mdomo. Alhamisi ya wiki ya pili tairi likapata pancha njiani, simu yake haina chaji, akanifikia giza limeshaingia.

Usiku ule tuligombana. Yeye alisema, "Umenifanya dereva wako." Mimi nikajibu, "Na wewe umenifanya mzigo."

Mpagazi na mzigo wake

Neno lile la mzigo lilinikaa kichwani kwa sababu ninafundisha historia, na wiki ile nilikuwa naandaa somo la misafara. Njia ile niliyoangukia si njia ya hivi hivi. Tabora, iliyoitwa Kazeh na Burton na Speke walipofika mwezi Novemba 1857, ilikuwa kituo kikuu kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kwihara ndiko lilikosimama tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Lakini waliofanya kazi hasa ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea miezi kwenda pwani na kurudi, kila mmoja na mzigo wa kama kilo 30.

Kilo 30 begani, kwa miezi! Nilipokuwa nasoma jinsi walivyoweza, nikakuta jambo dogo. Mtumba wa vitambaa haukufungwa ovyo. Ulikazwa kwa vijiti virefu vilivyotokeza upande mmoja, ili wakati wa kupumzika uegemezwe kwenye mti ukiwa wima. Mpagazi akitaka kuondoka, anausogelea tu na kuuchukua begani, hana haja ya kuinama mpaka chini na kuunyanyua upya.

Nikafunga kitabu. Kumbe babu zetu hawakumwambia mtu kwamba bega lake si saizi ya mzigo. Waliufunga mzigo kulingana na bega. Kwa nini mimi niliambiwa pikipiki si saizi yangu, na hakuna aliyewahi kuigusa hata kwa spana?

"Panda nikuone"

Nisikudanganye kwamba nilimbembeleza mume wangu kwa maneno matamu. Pikipiki ile aliinunua kabla ya ndoa, kwa akiba yake ya kwanza. Ni ya cc 125, ya mtindo wa shambani, imenyanyuka kama twiga. Nilipotaja kupunguza siti alisema, "Bora unikate mguu." Kilichomshinda ni uchovu na lile onyo la kazini. Jumamosi akasema, "Haya, twende tukamsikie fundi. Kumsikia tu."

Fundi mwenyewe ni mzee wa makamo, kijiwe chake kiko jirani na soko. "Mwangaluka, Mwalimu," akanisalimu, kisha akaniambia, "panda nikuone." Nikapanda. Mume wangu akaanza kumweleza habari za pikipiki, lakini mzee hakuwa anaitazama pikipiki. Alichuchumaa anatazama soli za viatu vyangu.

"Siti imekuzidi vidole vitano hapa, mwanangu," akasema. "Wewe hujapungukiwa kitu."

Akatoa futi. Kutoka chini mpaka juu ya siti, sentimita 83. Kutoka kisigino changu mpaka panapoanzia mguu, 69. Halafu akatueleza kitu ambacho sisi wote wawili hatukukijua: springi za shokapu za nyuma zilikuwa zimekazwa karibu mpaka mwisho, kwa ajili ya mume wangu mwenye kilo 90 pamoja na magunia anayopakia. Mimi nina kilo 53. Nikikaa, hazishuki hata kidogo. Kwa hiyo mtu mfupi alikuwa amepandishwa juu zaidi ya mtu mrefu!

Kazi ilikwenda hivi. Kwanza siti. Mzee alitupeleka kwa fundi wa viti, akafungua ngozi na kukata sponji sentimita nne. Hakuishia juu tu. Alinyoa na mbavu za siti pale mbele, zinapopita nyama za mapaja. Hapo ndipo penye siri. Siti pana inaitanua miguu ipite pembeni kabla ya kushuka, na unapoteza urefu bure. Siti nyembamba inaiacha ishuke moja kwa moja. Chini akaweka kipande cha sponji ngumu, maana ukikata ile laini ukaiacha nyembamba, kilomita 15 za barabara mbovu zitakufundisha adabu.

Pili, shokapu za nyuma zililegezwa hatua mbili ili zinisikie nikikaa. Tatu, shokapu za mbele. Ukishusha nyuma peke yake, pikipiki inakaa kama ng'ombe aliyechutama na usukani unakuwa mzito kukata kona. Fundi akalegeza boliti za vile vishikio viwili vilivyo chini ya usukani, akazipandisha shokapu zote mbili sentimita moja na nusu, sawasawa kulia na kushoto, akakaza tena. Kisha akaibana mbele kwa nguvu zake zote kuhakikisha tairi haligusi madigadi.

Mwisho, mikono, ambayo watu wengi huisahau. Vidole vyangu vilikuwa vinaifikia klachi kwa ncha tu. Akaurudisha usukani nyuma kidogo na kurekebisha waya wa klachi. Cheni nayo ikapimwa upya, kwa sababu ukigusa shokapu za nyuma, ulegevu wake unaweza kubadilika.

Nikapanda. Vidole vya miguu yote miwili vikakanyaga chini. Nikisogeza kiuno kidogo kushoto, mguu mzima unakaa flati. Nilipiga kelele mpaka wauza nyanya wakageuka.

Stendi iliyotuponza

Furaha ile ilidumu mpaka nyumbani. Nikaegesha uani kwa stendi ya pembeni, nikaingia ndani kupika. Dakika mbili baadaye, puuu!

Hakuna aliyefikiria stendi. Pikipiki ilikuwa imeshuka lakini stendi imebaki na urefu wake wa zamani. Badala ya kuinamia upande wa stendi, pikipiki ilisimama wima mno. Kaupepo kadogo kakaisukuma upande wa pili. Kioo kikavunjika, breki ya mkono ikapinda, tangi likabonyea.

Mume wangu alitoka, akasimama, akatazama lile bonde kwenye tangi. Hakusema neno. Tulikula kimya, tukalala kimya. Nilijua anachofikiria: pikipiki yangu imekatwa, imeshushwa, sasa imebonyea, na yote kwa ajili ya nini? Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga moyoni jinsi ya kumwambia airudishe kama ilivyokuwa.

Jumapili nilipoamka hakuwepo, na pikipiki haipo. Alirudi saa nne. Alikuwa ameipeleka kwa fundi wa kuchomelea, stendi imekatwa kipande na kuunganishwa, ikakaa na mlalo wake mzuri. Mkono wa breki mpya. Kioo kipya. Bonde la tangi limebaki vilevile.

"Hilo liache," akasema. "Litatukumbusha kupima stendi."

Halafu akafungua mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na siti nyingine, kuukuu, aliyoipata kwa wauza vipuri vya mtumba. "Hii ya kwangu, yako ni ile. Boliti mbili tu, nimejaribu, dakika tano."

Dada zangu, kuna wanaume wanaoandika kadi na kuna wanaokata stendi. Nimeolewa na huyu wa pili.

Ufupi si kilema

Tangu hapo nimekutana na wengi wenye shida hii, na si wanawake tu. Kuna afisa ugani mmoja wa kiume, mfupi kama mimi, aliyekuwa akiegesha pembeni ya jiwe kila mara ili apate pa kukanyagia. Nilimwambia habari za Dani Pedrosa, Mhispania mwenye sentimita kama 160 tu, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za cc 125 mwaka 2003, kisha za cc 250 mwaka 2004 na 2005. Na Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa mwaka 1958, ilipita milioni 100 mwaka 2017. Ile fremu yake iliyoshuka katikati, unapanda bila kurusha mguu juu, ni sababu mojawapo ya kupendwa na watu wa kila kimo.

Kabla hujampa fundi spana

- Jipime kwanza ukiwa na viatu utakavyoendeshea. Buti lenye soli nene na kisigino imara linakuongezea sentimita mbili au tatu, na linalinda kifundo cha mguu. Kandambili, hapana!

- Anza na visivyokata kitu: kulegeza springi, kusogeza usukani, kurekebisha klachi na pedali ya gia. Ukiharibu, unarudisha.

- Siti ikatwe kidogo kidogo. Sponji iliyokatwa hairudi. Ukiweza, tafuta siti ya pili na uiache ya asili salama.

- Usikubali kukatiwa springi wala kuchomelewa shokapu mahali papya. Pikipiki itakuwa fupi, ndiyo, lakini itakurusha kwenye shimo la kwanza.

- Nyuma ikishuka, mbele nayo ishuke kidogo. Kisha kagua stendi, cheni na mwanga wa taa. Kumbuka pia kwamba tumbo la pikipiki limekaribia mawe.

- Si lazima miguu yote ikae flati. Mguu mmoja unatosha: kulia kwenye breki, kushoto chini. Jizoeze kuchagua mahali pa kusimamia kabla hujafika, upande ulioinuka, si kwenye shimo.

- Jifunzie uwanjani, uwe na leseni, na helmeti ikukae sawasawa. Helmeti ya mume si ya mke.

Jumatatu ya kwanza

Nilikwenda peke yangu. Mume wangu alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akijifanya hana wasiwasi. Nilipoiacha lami na kuingia njia ya shule, kundi la ng'ombe likawa linavuka, palepale kwenye mchanga. Nikapunguza gia, nikakanyaga breki, nikatoa mguu wa kushoto. Ardhi ilikuwepo. Nikasubiri ng'ombe wapite mpaka wa mwisho, nikaondoka.

Yeye sasa anafika kazini mapema kuliko bosi. Mwisho wa mwezi anafunga siti yake na kwenda kwa rafiki zake. Analalamika kwamba magoti yamepanda kidogo, namwambia avumilie.

Jumapili moja aliniomba nimpeleke Kwihara, yeye akae nyuma. Nikamwambia asubiri kwanza. Nikachukua spana, nikachuchumaa, nikakaza springi za nyuma hatua mbili.

"Za nini hizo?" akauliza.

"Kilo 90," nikamjibu. "Panda, twende."