Kisiwa gani cha Mediterania? Kwanza tazama kitabu chako cha kusafiria

Kila inapokaribia likizo ya skuli, wasomaji wetu wa Uingereza na nchi nyengine za Ulaya hutuuliza suali moja: wapi tuwapeleke watoto wapate jua na bahari, bila ya kurudi na madeni? Kwenda nyumbani kwa familia ya watu watano ni safari ya kuwekea akiba miaka miwili. Na kwa baadhi yetu nyumbani hakuendeki kabisa, wala sababu si nauli.

Basi watu hutazama kusini. Kutoka London hadi visiwa vya Mediterania ni saa tatu au nne kwa ndege, na majina ni mengi: Mallorca, Sicily, Malta, Crete, Rhodes, Cyprus, Djerba. Picha zote zinafanana, maji ya buluu na viti vya kulalia. Tofauti zilizo muhimu kwa watu kama sisi hazimo kwenye picha hizo.

Anza na kitabu cha kusafiria. Jirani yako Mwingereza huchagua kisiwa kwanza halafu akakata tiketi. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Kongo au Oman, hata kama ana ukaazi halali wa Uingereza, anahitaji visa ya Schengen kabla ya kukanyaga Malta, Sicily, Mallorca au Crete. Tangu Juni 2024 ada ya visa hiyo ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Piga hesabu ya baba, mama na watoto watatu wa miaka 7, 10 na 14: ni euro 360, kabla ya ada ya wakala anayepokea maombi, na pesa hizo hazirudi ukikataliwa. Juu yake kuna bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, barua ya mwajiri, na taarifa za benki. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si mapema kuliko miezi sita kabla ya safari wala si chini ya siku kumi na tano. Wanaoomba Juni kwa safari ya Julai mara nyingi hukuta nafasi za miadi zimekwisha. Ombeni Februari au Machi.

Wenye hati ya wakimbizi, ile inayotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1951, wana mtihani wao. Hati ya Uingereza huandikwa kuwa ni halali kwa nchi zote isipokuwa ile uliyoikimbia, na mwenyewe huyasoma maneno hayo kila anapoifungua. Kanuni za visa kwa hati hiyo zinatofautiana baina ya nchi na nchi hata ndani ya Schengen, kwa hivyo jibu alilopewa rafiki yako aliyekwenda Ujerumani si jibu lako wewe unayekwenda Ugiriki. Uliza ubalozi wa nchi husika, na uombe jibu kwa maandishi. Mmoja wetu alizuiliwa kwenye kaunta ya shirika moja la ndege kwa nusu saa, visa anayo, kwa sababu kijana aliyekuwa kazini hakuwahi kuiona hati ya namna ile. Mashirika ya ndege hutozwa faini yakimpeleka abiria asiye na ruhusa, na mfanyakazi asiyejua huona ni salama zaidi kukwambia hapana. Barua ya ubalozi mkononi hufupisha mazungumzo.

Cyprus inahitaji maelezo peke yake. Iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 lakini ikabaki nje ya Schengen kwa miaka mingi, ikitoa visa yake yenyewe. Halafu kisiwa kimegawika tangu 1974: ukiingilia kaskazini kupitia Uturuki, serikali ya Nicosia inahesabu kuwa umeingia kwa mlango usio halali. Mwenye pasipoti ya Kiingereza pengine atapita bila ya taabu. Mwenye hati ya ukimbizi asijaribu.

Baada ya karatasi linakuja suala la wapi mtu mweusi atapumzika. Hili hamlisikii kwa wauza safari, lakini kwenye simu za jamaa ndilo linaloulizwa.

Tuichukue Djerba, kisiwa cha Tunisia, ambacho moyo wetu ulikitamani kuliko vyote. Wako huko Waibadhi wa asili, ndugu wa madhehebu ya Oman na ya baadhi ya wazee wetu wa Unguja na Pemba. Misikiti yao ni midogo, mieupe, isiyo na nakshi, na mengine imechimbwa chini ya ardhi. Ipo pia El Ghriba, sinagogi maarufu la Mayahudi ambao wameishi na Waislamu kisiwani kwa karne nyingi, ingawa limeshambuliwa mwaka 2002 na tena 2023. UNESCO imekitia kisiwa katika urithi wa dunia Septemba 2023. Chakula hakina wasiwasi, bei ni nafuu, mchanga ni laini, na mwenye pasipoti ya Uingereza hahitaji visa.

Lakini Februari mwaka huohuo wa 2023 Rais Kais Saied alitoa kauli dhidi ya wahamiaji kutoka kusini mwa Sahara, na baada yake watu weusi wakafukuzwa majumbani na makazini, wengine wakapigwa njiani, hata wanafunzi wenye vibali. Na Septemba 2022 serikali ilipitisha amri nambari 54, inayoadhibu kwa kifungo cha hadi miaka mitano kile inachokiita habari za uongo, na waandishi wa habari wamefungwa kwa amri hiyo. Watalii weusi wanakwenda Djerba na kurudi salama, hilo ni kweli. Ila sisi tulioondoka kwetu kwa sababu ya sheria za namna hiyohiyo hatuwezi kulala usingizi wa likizo chini ya nyengine. Anayetaka kwenda kumtembelea shekhe au kuona misikiti, aende. Sisi tumeiweka kando.

Visiwa vya Ugiriki vilivyo karibu na Uturuki, kama Kos, Samos na Lesbos, ni vizuri mno na vina historia nzito. Mtoto wa Kisyria Alan Kurdi alikufa maji Septemba 2015 akiwa njiani na wazazi wake kuelekea Kos. Kambi ya Moria, Lesbos, iliungua Septemba 2020 na maelfu wakalala barabarani. Lampedusa, kisiwa cha Italia kilicho karibu na Afrika, kina fukwe zinazosifiwa duniani kote, na karibu na fukwe hizo, tarehe 3 Oktoba 2013, walizama watu zaidi ya 360, wengi wao Waeritrea. Shirika la Uhamiaji la Kimataifa limehesabu zaidi ya watu 30,000 waliokufa au kupotea katika bahari hii tangu 2014. Hatusemi kwamba watu wasiogelee. Tunasema tu kuwa wapo wasomaji wetu waliovuka bahari hiyo kwa boti ya mpira, na kwao kuchagua ufukwe si jambo jepesi. Ikiwa katika nyumba yako yupo mtu kama huyo, muulize kabla ya kulipa.

Baada ya hesabu zote hizi sisi tunaipa nafasi ya kwanza Malta, na tutasema ubaya wake pia.

Ni nchi ndogo: visiwa vyake kwa pamoja ni kilomita za mraba 316, yaani hata theluthi ya Pemba haifiki. Ilitawaliwa na Waingereza hadi Septemba 1964, magari hupita kushoto, na Kiingereza ni lugha rasmi, kwa hivyo hospitali au polisi huhitaji mkalimani. Lugha yao nyengine ndiyo iliyotufurahisha zaidi. Waarabu waliteka Malta mwaka 870, na Kimalta ni Kiarabu kilichobaki, kikachanganyika na Kiitaliano, na siku hizi kinaandikwa kwa herufi za Kirumi. Mtoto wako anayejua Kiswahili atasimama sokoni akisikia watu wakihesabu: sitta, sebgħa, disgħa, tletin, sittin, mija, elf. Bahari ni baħar, dunia ni dinja, kitabu ni ktieb. Kanisa wanaliita knisja na kasisi wanamwita qassis, na Wakatoliki hawa, ambao wanajinasibu kwa Mtume Paulo aliyevunjikiwa na jahazi kwao, wanaiita Kwaresima yao Randan, neno la Ramadhani hilohilo. Kwa watoto wanaoona haya kuzungumza Kiswahili mbele ya wenzao, saa moja ya soko la Malta ina faida kubwa kuliko mahubiri yetu ya nyumbani.

Usitegemee mchanga wa Nungwi au Diani. Sehemu kubwa ya pwani ni mwamba, na watu hushukia majini kwa ngazi za chuma. Mchanga upo Mellieħa, na Ramla kule Gozo ambako ni mwekundu. Watu wa pwani wataona jambo jengine la ajabu: maji hayapwi wala hayajai. Kwetu bamvua huondoa bahari hadi ukaiona mbali, na tofauti ya kina inafika kiasi cha mita nne. Hapa bahari imekaa palepale asubuhi na jioni kama maji ya beseni. Mzee mmoja wa Makunduchi tuliyemsimulia alisema bahari hiyo ni mgonjwa.

Julai na Agosti ni joto kali na msongamano, na bei hupanda. Mwenye watoto wa skuli atalazimika, lakini anayeweza achague mwisho wa Septemba, bahari bado ina moto na samaki wa lampuki ameanza kuvuliwa. Desemba msiogelee. Waislamu wataukuta msikiti Paola, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa na Muammar Gaddafi mwaka 1978. Pastizzi, zile sambusa zao za jibini au za njegere, ni rahisi na tamu, lakini ulizeni mafuta, kwa sababu wapo wanaotumia ya nguruwe.

Sasa ubaya. Mwaka 2019 mhamiaji kutoka Ivory Coast aliuawa kwa risasi akitembea njiani Ħal Far, na walioshtakiwa walikuwa askari wawili wa jeshi. Na tarehe 16 Oktoba 2017 mwandishi Daphne Caruana Galizia, aliyekuwa akifichua rushwa ya wakubwa, aliuawa kwa bomu lililotegwa ndani ya gari yake karibu na nyumbani kwake. Kisiwa hicho hakina usalama wa malaika, basi. Tofauti tuliyoiona ni kwamba watu waliingia mitaani hadi waziri mkuu akaondoka madarakani Januari 2020, waliotega bomu wakahukumiwa, na tume ya majaji mwaka 2021 ikasema wazi kuwa dola lilibeba dhamana kwa kifo chake. Katika nchi tulizotoka sisi, wapo waandishi waliotoweka ambao hata tume ya kuuliza walipo haijaundwa.

Katikati ya Valletta, mkabala na mahakama, watu huweka maua, mishumaa na picha ya Daphne chini ya mnara. Waliwahi kuyaondoa usiku, na kila mara wananchi waliyarudisha. Mkipita pale na watoto, waelezeni, halafu waingizeni kanisa la Mtakatifu Yohana lililo karibu na hapo, wakaone mchoro mkubwa wa Caravaggio wa mwaka 1608. Unaonesha Nabii Yahya akikatwa kichwa gerezani, na yeye naye aliuawa kwa kumwambia mfalme ukweli.

Siku moja iacheni kwa Gozo. Feri kubwa inatoka Ċirkewwa na kuvuka kwa kiasi cha dakika 25, na kule kuna mahekalu ya Ġgantija, ambayo yalijengwa kiasi cha miaka elfu moja kabla ya piramidi za Giza. Ule mwamba maarufu wenye tundu kama dirisha msiutafute, uliporomoka baharini Machi 2017. Na msishangae mkipanda feri bila ya kuulizwa tiketi: wakati wa kwenda hakuna anayewatoza, nauli hulipwa bandari ya Mġarr wakati wa kurudi.