Elimu katika kambi ya wakimbizi ya Benaco

Elimu katika kambi ya wakimbizi ya Benaco ilihusu watoto wa Rwanda waliokimbilia wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kati ya mwaka 1994 na 1996. Kambi hiyo ilikuwa kati ya sehemu za kwanza ambapo mbinu ya "shule ndani ya sanduku" ilitumika kwa watoto wengi waliopoteza shule zao kwa ghafla. Habari zake hutumika pia katika elimu ya uraia wa dunia, hasa pale wanafunzi wanapojifunza jinsi michango ya hisani inavyokusanywa, inavyofika na inavyoweza kwenda kombo.

Mahali na jina

Benaco iko kando ya barabara kuu inayotoka Lusahunga, wilaya ya Biharamulo, kuelekea daraja la Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda. Jina si la Kihangaza wala la Kishubi, lugha za wenyeji wa Ngara. Ni jina la kampuni ya ujenzi kutoka Italia iliyotengeneza barabara katika eneo hilo na kuacha kambi yake ya kazi pamoja na bwawa la maji. Bwawa hilo lilikuwa moja ya sababu za wakimbizi kuwekwa hapo.

Historia

Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalianza Aprili 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, wakati jeshi la Rwandan Patriotic Front lilipokuwa linakaribia mpaka, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera ndani ya muda wa saa 24 hivi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilisema halijawahi kuona watu wengi kiasi hicho wakihama kwa haraka namna hiyo. Kwa muda Benaco ikawa kambi kubwa kuliko zote duniani.

Baadaye wengine walihamishiwa kambi za jirani kama Lumasi, Musuhura na Lukole. Hata hivyo wakimbizi waliendelea kuwa wengi kuliko wenyeji wa wilaya. Kambi iliendeshwa kwa ushirikiano wa serikali ya Tanzania, UNHCR, Msalaba Mwekundu na mashirika mengine mengi yaliyoshughulikia maji, chakula, afya na shule.

Shule ndani ya sanduku

Miezi ya kwanza watoto hawakuwa na madarasa, vitabu wala madawati. Walikuwepo walimu, kwa kuwa wengi walikimbia pamoja na wanafunzi wao. UNESCO, kupitia mpango wake wa elimu ya dharura wenye makao mjini Nairobi, ilileta mbinu iliyokuwa imetumika kwanza Somalia, ikishirikiana na UNICEF, UNHCR na shirika la Ujerumani la GTZ.

Sanduku moja lilikuwa na vifaa vya mwalimu mmoja na wanafunzi wapatao 80, waliogawanywa katika zamu mbili. Ndani yake mlikuwa na madaftari, penseli, chaki, rangi ya kutengenezea ubao, vitambaa vilivyochapwa herufi na namba, na kitabu cha mwongozo kwa mwalimu. Rangi ilipopakwa kwenye kipande cha mbao, ubao ulikuwa tayari. Vitambaa vilifaa kuliko karatasi kwa sababu havikuharibiwa haraka na mvua na vumbi, tena viliweza kutundikwa hata juu ya mti. Vifaa vililenga kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya chini, kwa miezi michache tu, mpaka shule za kawaida zirudi.

Kazi ilipangwa kwa hatua tatu:

1. Michezo, nyimbo na shughuli za kuwakusanya watoto, ili wapate utaratibu wa siku na watu wazima wa kuwaangalia.
2. Masomo ya awali kwa kutumia sanduku, chini ya miti au mahema ya plastiki.
3. Kurudisha mtaala kamili na mitihani.

Mtaala uliochaguliwa ulikuwa wa Rwanda, nao ulifundishwa kwa Kinyarwanda, kwa sababu ilitarajiwa kwamba watoto watarudi kwao. Walimu walikuwa wakimbizi wenyewe. Walipewa semina fupi na posho ndogo badala ya mshahara. Mafunzo ya mazingira yaliongezwa, kwa kuwa ukataji wa kuni ulikuwa unamaliza miti kwa kilomita nyingi kuzunguka kambi.

Nje ya darasa, Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi ili kuwapa wakimbizi na wenyeji habari na elimu. Inaendelea kutangaza hadi leo.

Matatizo

Wakimbizi wengi hawakuwa na hatia, lakini kati yao walikuwemo watu walioongoza mauaji. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo, na Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi, walikaa Benaco. Baadaye wote wawili walihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha. Mwanzoni chakula kiligawiwa kupitia viongozi wa zamani wa wilaya za Rwanda, na hivyo msaada uliwaongezea nguvu watu hao. Mwishoni mwa 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari wasio na Mipaka lilianza kujiondoa katika kambi za Wanyarwanda za Zaire na Tanzania kwa sababu hiyo.

Suala hilo liligusa shule pia. Mtoto aliyefiwa na wazazi aliweza kukaa darasa moja na mtoto wa muuaji, na ilikuwa vigumu kujua mwalimu alifanya nini mwezi wa Aprili. Somo la historia lilikuwa gumu zaidi. Nchini Rwanda kwenyewe lilisimamishwa shuleni baada ya mauaji.

Shule za wenyeji nazo ziliumia. Wakimbizi walipofika walilala katika baadhi ya madarasa ya vijijini, madawati yakawa kuni na vyoo vikajaa. Baadaye sehemu ya fedha za misaada ilitumika kukarabati shule, zahanati na barabara za Ngara. Jambo hili lilipunguza manung'uniko ya wananchi walioona mgeni akipewa bure kile ambacho mwenyeji hakuwa nacho.

Kufungwa

Tanzania ilikuwa na sifa ya kuwapokea wakimbizi. Rais Julius Nyerere alipewa tuzo ya Nansen mwaka 1983. Lakini mzigo ulizidi, na mwezi Machi 1995 serikali ilifunga mpaka wake na Burundi. Mwezi Desemba 1996 serikali na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya Tanzania, lakini jeshi liliwageuza. Karibu watu nusu milioni walivuka tena, wengi wao kwa daraja lilelile la Rusumo. Shule za Benaco zikafungwa pamoja na kambi. Kambi ya Lukole ilibaki kwa ajili ya Warundi hadi mwaka 2008.

Matumizi katika elimu ya uraia wa dunia

Elimu ya uraia wa dunia inataka mwanafunzi ajione ana wajibu kwa watu wa nchi nyingine pia. Imetajwa katika lengo namba 4.7 la Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Katika shule za msingi za Tanzania mambo ya aina hiyo yaliwahi kuwekwa katika somo la Uraia na Maadili.

Njia moja inayotumika katika nchi nyingi ni wanafunzi kuchangisha fedha kwa ajili ya watu wenye shida: kuuza mazao ya bustani ya shule, kufanya tamasha au kukusanya madaftari. Mfano wa Benaco unasaidia kuuliza maswali yanayofuata baada ya kuchanga:

* Nani anagawa msaada, na anawajibika kwa nani?
* Je, wanaosaidiwa wameulizwa wanachohitaji?
* Majirani wa wanaosaidiwa wanapata nini?
* Picha zinazotumika kuomba michango zinalinda heshima ya mtoto aliyepigwa picha?
* Msaada utakapokwisha, kitabaki nini?

Kwa swali la mwisho Benaco inatoa jibu la pande mbili. Majengo ya shule za kambi hayakudumu, lakini sanduku lilidumu: UNICEF bado inapeleka vifaa vya namna hiyo mahali penye vita au maafa.

Leo

Benaco ya sasa ni kituo cha biashara katika wilaya ya Ngara. Malori yaendayo Rwanda na Burundi husimama hapo, na watoto wa eneo hilo husoma katika shule za kawaida za serikali.