Mutuele ya afya ikikataa kulipa, tusikunje mikono



Mwezi wa pili, mama mmoja mkulima wa Walungu, mimba ya miezi saba, alianza kutoka damu bila uchungu. Kituo cha afya kikamtuma hospitali kubwa ya zoni, daktari akaagiza ekografi. Mutuele ikakataa: “Ekografi ya mimba haiko kwenye listi.” Bwana yake akauza maharagi, mbegu yao ya msimu B, ili kipimo kifanyike siku ileile.

Alifanya vizuri. Damu ikitoka mimba ikiwa kubwa, pengine kondo la nyuma limefunika mlango wa uzazi. Mtu akipima kwa vidole, damu inaweza kumwagika na kuua. Ekografi ndiyo inaonyesha hatari hiyo. Basi kipimo kwanza, barua nyuma.

Tulikaa na familia, tukafanya hivi:

1. Tuliomba mutuele iandike sababu ya kukataa. Neno la mdomo halina pa kulishika.

2. Tulisoma kanuni zake. Kumbe zilikataa ekografi ya kawaida tu, si ya mgonjwa wa hatari!

3. Tulirudi kwa daktari. Kwenye karatasi ya kwanza aliandika “mimba” peke yake. Sasa akaandika yote: damu, miezi saba, haraka.

4. Tulipeleka barua kwa komite, pamoja na fotokopi za kadi ya michango, karatasi ya kutumwa hospitali na risiti. Sekreteri akatia sahihi na tarehe kwenye nakala yetu.

Daktari mshauri wa mutuele alisoma, akakubali. Mutuele ikarudisha sehemu yake. Sehemu ya mgonjwa ikabaki kwa familia, kama kawaida. Mama alijifungua kwa operesheni, yeye na mtoto wako wazima. Lakini pesa zilifika wakati wa kupanda umepita. Nusu ya shamba ililala.

Ndiyo maana tunawaomba: someni kanuni sasa, mngali wazima. Lipeni michango kwa wakati na mtunze risiti. Komite ikikataa tena, pelekeni jambo kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Mutuele, kama kooperative yetu, si mali ya bosi. Ni yetu sisi tunaochanga.