Taa za kioo za ukutani: Faida iko kwenye kioo cha akiba

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya umeme wanaofikiria kuingiza taa za mapambo za ukutani wana sababu nzuri ya kufanya hivyo. Nyumba nyingi za kupangisha mijini ni za chumba na sebule, na humo kila kinachokaa sakafuni au mezani hugombea nafasi na wenye nyumba. Taa ya ukutani haihitaji meza wala stuli, na kioo chake huupa ukuta mtupu pambo bila kupunguza hata hatua moja ya kupita.

Hata hivyo, hii ni bidhaa inayovunjika, na hapo ndipo mtaji mdogo hupotelea. Anayenunua taa bila kujua kioo cha akiba atakipata wapi, amenunua nusu ya biashara.

Mnunuzi anataka nini

Katika chumba kidogo, aliyekaa kwenye kochi huwa karibu na ukuta. Kioo kiangavu humwachia balbu tupu machoni, nacho huonyesha kila chembe ya vumbi. Kioo cheupe cha rangi ya maziwa, au cha ukungu, hutawanya mwanga na kuificha balbu. Duka lenye nafasi finyu lianze na aina hizo mbili. Vioo vya rangi na vya michongo vije baadaye, kwa oda.

Kwa kawaida taa hizi hufungwa kati ya sentimita 150 na 180 kutoka sakafuni. Kwenye korido, kinachoamua ni kiasi ambacho taa inatokeza. Nchini Marekani, viwango vya mwaka 2010 vya kuwalinda watu wenye ulemavu vinataka kitu kilichofungwa ukutani kwenye njia ya kupita, katika kimo ambacho mtu anaweza kukigonga, kisitokeze zaidi ya takriban sentimita 10. Kipimo hicho kinafaa hata kwa korido ya gesti ya vyumba sita, ambako masanduku na ndoo hupita kutwa.

Gharama ya umeme si kikwazo tena. Taa mbili zenye balbu za LED za wati 5 kila moja, zikiwashwa saa 5 kila usiku, hutumia uniti 1.5 kwa siku 30. Balbu moja ya zamani ya wati 60 ingetumia uniti 9 kwa muda huohuo.

Kioo huvunjika lini

Mara nyingi kioo huponea kwa fundi na kuvunjikia kwa mwenye nyumba. Taa yenye umbo la bakuli linalotazama juu hukusanya vumbi na wadudu wanaofuata mwanga, hasa kumbikumbi wa msimu wa mvua. Kila baada ya muda kioo lazima kishushwe kioshwe, na mikono yenye sabuni haina urafiki na kioo. Taa inayotazama chini husafishwa kwa kitambaa ikiwa mahali pake, lakini izimwe kwanza na iachwe ipoe.

Aidha, kioo kilichozibwa pande zote hufungia joto ndani. Balbu za LED hazitoi joto kama zile za zamani, lakini vifaa vyao vya ndani huharibika mapema vikikosa hewa. Mnunuzi asome maelezo ya boksi kuona kama balbu inaruhusiwa kwenye taa iliyofungwa.

Somo la chemli

Wenye maduka ya zamani walilijua jambo hili. Taa ya chemli iliuzwa mara moja, lakini kioo chake kiliuzwa peke yake tena na tena, kwa sababu mwili wa bati ulidumu kuliko kioo. Mteja alirudi dukani palepale.

Taa za leo zinazokuja na LED iliyojengwa ndani zimeivunja desturi hiyo. LED ikifa, au kioo cha umbo la pekee kikivunjika, taa nzima hutupwa. Kwa kuwa taa za ukutani hununuliwa kwa jozi, kioo kimoja kinaweza kumlazimisha mwenye nyumba kubadilisha zote mbili. Mteja wa namna hiyo ni vigumu kurudi.

Taa ya holda ya kawaida ni salama zaidi kwa mtaji. Holda za kuzungusha huandikwa E27 au E14, na za pini B22. Tarakimu ni upana wa kitako cha balbu kwa milimita. Upana wa tundu la kioo chenyewe upimwe kwa rula, kwa sababu vioo vinavyofanana kwa macho huweza kukataa kuingia kwenye holda.

Hesabu ya mzigo

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayeagiza taa 60, na vioo 6 vikafika vimevunjika. Bila akiba, anabaki na taa 54 za kuuza, na gharama ya kila moja imepanda kwa takriban asilimia 11 kabla hajalipa pango. Miili 6 ya chuma imelipiwa bei, usafiri na ushuru, lakini haiuziki. Akiwa ameagiza vioo vya ziada, vilivyofungwa katoni tofauti, miili hiyo inarudi sokoni. Vikibaki, vinakuwa bidhaa ya kumrudisha mteja.

Kwa anayeagiza China, ambako mji wa Guzhen katika Zhongshan, jimbo la Guangdong, unajulikana kwa viwanda vya taa, ombi la vioo vya ziada liandikwe kwenye oda kabla ya malipo ya awali. Pia, tangu Januari 1, 2022, mfumo wa kimataifa wa namba za forodha umetenganisha taa za ukutani zilizotengenezwa kwa ajili ya LED pekee (9405.11) na nyingine (9405.19). Mchanganyiko katika hati huweza kuchelewesha mzigo bandarini.

Mwenye nyumba ya kupangisha naye apitishe mabomba ya waya kabla ya plasta, maana kuchimba ukuta uliokamilika ni kulipa mara mbili. Kisha, siku anayonunua taa, anunue na vioo viwili vya akiba na kuviweka kabatini.